Nani Aliyempa Upanga?

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: je, Mkristo anaweza kumshangilia kwa dhamiri njema shujaa wa filamu anayekomesha uovu kwa ngumi? Wengi niliowasikia wakilijadili katika jumuiya yetu ndogo ndogo walianza kwa kupima ukali wa mapigano, wakitaka kujua damu inamwagika kiasi gani na watoto wa umri gani waruhusiwe kutazama. Siidharau hofu hiyo, kwa kuwa nami ni mzazi, lakini naona kuna swali linalotangulia: huyo shujaa mwenye kinyago, upanga kapewa na nani?

Mtume Paulo ameligusa swali hilo mahali ambapo wasomaji wengi hupita haraka, pale sura ya 12 ya Waraka kwa Warumi inapopakana na sura ya 13. Kwanza anaagiza, "msijilipize kisasi, bali ipisheni ghadhabu ya Mungu"; mistari michache baadaye anasema kwamba mwenye mamlaka hauchukui upanga bure, kwa kuwa ni mtumishi wa Mungu. Hasemi uovu uachwe. Anauondoa upanga katika mkono wa aliyekosewa na kumwachia mwenye dhamana ya wote. Ndiyo maana Mtakatifu Augustino, katika barua yake kwa Publicola, hakukubali kwamba mtu amwue mwenzake hata kwa kuokoa uhai wake mwenyewe, isipokuwa awe askari au mtumishi wa umma anayewatetea wengine. Karne nyingi baadaye mwanateolojia Thoma wa Akwino alilegeza suala la kujilinda, lakini akashikilia kwamba kumwua mhalifu ili kumwadhibu si kazi ya mtu binafsi. Wamenoni, Wakristo wa madhehebu yanayopinga vita, wanaukataa upanga wote, na ninauheshimu msimamo wao, ingawa si wangu. Shujaa wa kinyago, hata akiwa na uwezo wa kuruka juu ya maghorofa, ni mtu binafsi.

Katika hadithi zote za aina hii ninazozijua, inayolikabili jambo hili kwa uaminifu zaidi ni ile ya Daredevil, shujaa wa katuni aliyebuniwa na Stan Lee na Bill Everett mwaka 1964, hasa katika tamthilia ya televisheni iliyoanza mwaka 2015. Matt Murdock, ambaye ndiye Daredevil, ni kipofu, ni Mkatoliki, na mchana ni wakili katika mtaa wa Hell's Kitchen jijini New York. Usiku huwapiga wahalifu. Katika sehemu ya kwanza anakwenda kuungama, na anachoomba ni msamaha wa lile ambalo bado hajalitenda. Padri anamwambia kwamba mambo hayaendi hivyo, na kila aliyefundishwa katekisimu anajua sababu: ungamo lisilo na nia ya kuacha dhambi si kitubio.

Baadaye tunasimuliwa alivyoanza. Kwa masikio yake makali alimsikia mtoto wa kike akilia usiku, baba yake akimtendea mambo yasiyotamkika. Alitoa taarifa kwa wahusika wa ustawi wa watoto, lakini mama akakanusha, na sheria ikakosa pa kushika. Murdock akafunika uso, akamvizia baba yule na kumpiga hadi akalazwa hospitalini. Anapomsimulia rafiki yake anasema kwamba hakuwahi kulala usingizi mzuri kama usiku ule.

Usingizi huo unanisumbua kuliko mapigo yenyewe. Mwanateolojia Mmethodisti wa Marekani, Paul Ramsey, aliwahi kuuliza Msamaria mwema angefanya nini kama angefika wakati wanyang'anyi bado wanampiga yule msafiri. Ninaamini upendo ungemlazimu kuingilia kati, hata kwa fimbo. Lakini Msamaria akishamzuia mnyang'anyi asipige, hana sababu ya kumvizia kesho yake njiani. Murdock alitaka kumwokoa mtoto, na alimwokoa. Ila kisasi nacho kilikuwa kitamu, na tangu usiku ule hawezi tena kujua ni kipi kinachomtoa nyumbani.

Aliyeifuata njia hiyo hadi mwisho wake ni Punisher, mhusika wa katuni wa mwaka 1974, ambaye familia yake iliuawa naye akajipa kazi ya kuua wahalifu. Fuvu jeupe la kifuani pake limebandikwa na baadhi ya polisi wa Marekani kwenye magari na vifaa vyao, jambo ambalo Gerry Conway, mmoja wa waliombuni, amelilaani hadharani, kwa kuwa mhusika huyo anaonyesha mfumo wa haki ulivyoshindwa. Yule ambaye Paulo anasema amepewa upanga amejivika alama ya asiyepewa.

Kwetu hakuna anayevaa kinyago. Magazeti huandika "wananchi wenye hasira kali", na maneno hayo huficha sura za watu kuliko kitambaa chochote. Miaka kadhaa iliyopita kijana aliyeshukiwa kuiba simu alipigwa mtaani kwetu mchana kweupe, na baadhi ya waliompiga ninasali nao. Polisi walipofika kuuliza nani aliona, hakuna aliyeona. Mikono ya kupiga ilikuwa mingi, lakini wa kwenda kuapa mahakamani hakupatikana hata mmoja. Tangu hapo, kila nikiikumbuka habari ya yule mtoto wa New York, nawafikiria majirani wa nyumba yao, ambao nao walikuwa na masikio. Lugha yetu humwita shahidi anayesimama kusema alichokiona, na kwa jina hilo hilo tunawaita wale wafiadini wa Namugongo na kwingineko Uganda, waliouawa wala hawakuua. Wale Wakatoliki 22 miongoni mwao walitangazwa watakatifu mwaka 1964, mwaka ule ule Daredevil alipotokea katika katuni.

Kwa hiyo ninamruhusu mwanangu wa miaka 15 atazame, nami hukaa naye. Katika msimu wa mwaka 2018 Murdock anakusudia kumwua Wilson Fisk, adui yake mkubwa, na mwishoni, akiwa amemlaza chini, anajizuia na kumwacha mikononi mwa sheria ambayo ilikwisha kumwachia mara moja. Mwanangu alisema huo ni ujinga, kwa sababu Fisk atatoka tena. Nilimjibu kwamba huenda akatoka, na kwamba hakimu hawezi kumfunga mtu kwa maneno ambayo hakuna aliyekubali kuyasema. Ndipo akaniuliza kama siku ile ya yule kijana wa simu mimi nilikuwapo. Nilimwambia kwamba nilikuwa dukani, nilisikia kila kitu na kuzitambua sauti mbili. Kwamba nimekwisha kuungama kwa padri, na polisi bado sijawaambia.

Msomaji wenu,
Morogoro