Baharia na magofu ya Waiberia

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi ni baharia, mzaliwa wa Tanga. Mwezi ujao meli yetu itakaa Barcelona siku 4. Babu alikuwa akinipeleka Tongoni tangu mdogo, nikayapenda magofu. Nasikia Hispania walikuwako watu wa kale, Waiberia. Niende wapi?
Baharia, Chumbageni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anzia Calafell, kwa treni ya pwani, mwendo wa kama saa moja. Kijiji cha Waiberia kimejengwa upya palepale kwenye misingi yake. Wapo wanaokicheka kuwa cha maigizo, mimi nakitetea. Msingi wa mawe, kuta za udongo, juu miti na udongo tena. Ukiinama kuingia unapokewa na ubaridi wa nyumba ya kukandika saa saba mchana, na huo Mtanga haelezwi.

Kesho yake nenda Ullastret, magofu ya mji wa Waiberia upande wa Girona. Treni haifiki, changeni gari na wenzako. Jumatatu wanafunga (mimi niliishia langoni, nikarudi kesho yake). Utaona ukuta wenye minara ya duara, ulioanza kujengwa karne ya 6 KK, na mashimo ya nafaka yaliyochimbwa mwambani. Warumi waliteremka pwani hiyo mwaka 218 KK, na haukupita muda mrefu mji ukahamwa.

Ndani ya makumbusho, kilimani hapohapo, nilikwama mbele ya fuvu la mtu lililopigiliwa msumari wa chuma, mrefu kama wa jahazi, kutoka utosini. Vichwa vya namna hiyo vilitundikwa hadharani. Kikombe changu cha kahawa siku hiyo kilipoa mezani.

Lakini usitoke hujaona maandishi yao kwenye bamba la risasi, madini yaleyale ya chubwi za wavuvi wetu. Sauti za herufi zilifumbuliwa na msomi wa Kihispania, Manuel Gómez-Moreno, miaka ya 1920. Maana, mpaka leo hakuna aijuaye. Ni kama sisi chuoni udogoni: juzuu nzima tunaitiririsha, mwalimu anatikisa kichwa kwa raha, na ukituuliza tumesema nini tunatazamana.

Sanamu yao mashuhuri, Bibi wa Elche, iliyofukuliwa 1897, iko Madrid. Siku zako hazitoshi. Beba maji, vaa viatu vya kufunika. Makubazi yaache melini, mawe yale yalinichuna vidole.