Dola 300 za motivasyo: nimupatie mwalimu bora peke yake?

SWALI: Jambo redaksio. Miye ni direktrisi wa shule ya primeri huku Katuba, Lubumbashi. Niko na walimu 14, watatu ni N.U., ni kusema wanafundisha kila siku lakini mushahara wa serikali bado hawajaanza kuupata. Mwanafunzi wetu wa zamani alituletea dola 300, akasema mama, patia walimu motivasyo. Nilitaka zote zimuendee mwalimu bora wa mwaka, lakini yule wa darasa la tano aliposikia akaniambia "mama, utatugombanisha". Nifanye namna gani?
Mama Direktrisi, Katuba

JIBU: Asante mama. Ona hata lile neno: kwetu motivasyo si kitu cha rohoni tena, ni franka. Tangu miaka ya 1990, mushahara wa serikali ulipobaki jina tu, wazazi ndio walikuwa wanawalisha walimu kwa prime, ile pesa ya motivasyo waliyoilipa ku shule, mpaka Septemba 2019 primeri ikawa bure (Katiba ya Congo ya 2006 ilishaiandika ku artikle 43). Kwa mtoto wa masikini ni baraka, siwezi kuisema vibaya, ila prime ilikatika, darasa zikajaa, na N.U. akabaki mikono mitupu.

Mwalimu wako wa tano yuko na haki. Bora utamupima na nini? Wa sita anaonekana juu ya mtihani, lakini yule wa kwanza, mwenye watoto wamebanana ku benchi, ndiye aliwafundisha hao hao kusoma na hakuna anayemukumbuka.

Huko Indonesia walimu wenye cheti waliongezewa mushahara wa msingi mara mbili, watafiti wakawafuata. Walimu walifurahia kazi zaidi, hangaiko la pesa likapungua, wenye kazi ya pembeni wakapungua pia, lakini alama za watoto hazikupanda. Kuna wanaosema basi pesa haina kazi! Miye nasema pesa inatoa hangaiko, haishiki chaki.

Uliza wazee wa Gécamines, ile kampuni ya shaba ya serikali, juu ya siku ya posho. Unga ulikuwa unafika, na mama ku nyumba alijua tarehe, ile kujua tarehe ndiyo ilikuwa heshima yenyewe.

Sasa hesabu: N.U. watatu, dola 10 kila mmoja, miezi 10 ya masomo, ni 300 kamili. Ni kidogo, najua, haitoshi bukari (ugali) ya juma, lakini itafika kila mwezi tarehe ile ile. Ila ita wote 14 kwanza, waonyeshe pesa yote ku meza, wale 11 wakubali wenyewe, ukiamua peke yako watasema umekula.

Na mwalimu bora? Ingia ku darasa lake, kaa nyuma nusu saa, kisha umuambie kile ulikiona, namna alivyomurudilia yule mtoto wa nyuma mara tatu bila kukasirika. Hiyo haitaki dola. Usimupe tu N.U. maneno hayo pahali pa pesa.

Yule mwanafunzi wa zamani muandikie zilivyotumika, umuulize kama mwezi wa tisa ujao atarudilia.