Miwa ingali shambani, faida imeshaandikwa

Ukitaka kununua hisa za kampuni ya miwa, iwe ya Muhoroni au ya Bungoma, magharibi mwa Kenya, usianze na mstari wa faida. Fungua maelezo ya hesabu, utafute miwa iliyo shambani imepewa thamani gani. Hapo faida huweza kukua kabla panga halijagusa muwa hata mmoja.

Kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha IAS 41 kinataka miwa inayokua iandikwe kwa thamani ya haki, yaani bei ambayo ingeuzwa sokoni, gharama za kuuza zikishatolewa. Thamani ikipanda, nyongeza huingia kwenye faida ya mwaka. Tangu Januari 2016, mashina yanayochipua tena baada ya kukatwa yanafuata IAS 16, kiwango cha mali za kudumu kama mitambo: kwa kawaida huandikwa kwa gharama na kupunguzwa kidogo kidogo kwa kipindi chote yanachotarajiwa kuvunwa.

Tuseme kampuni ina hekta 1,000 za miwa iliyokaribia kukatwa, tani 60 kwa hekta, na bei imekisiwa shilingi 5,000 kwa tani. Meneja akiandika 5,500, faida inapanda kwa milioni 30. Toa kodi iliyoahirishwa, yaani itakayolipwa baadaye, ya asilimia 30, zinabaki milioni 21. Mnunuzi anayelipa mara 6 ya faida atakuwa ameongeza milioni 126 kwenye bei ya kampuni, na benki haijapokea hata senti. Kwa hiyo ondoa kwanza faida iliyotokana na mabadiliko ya thamani, kisha linganisha kinachobaki na fedha taslimu za uendeshaji kwa angalau miaka 3. Chukua pia makisio ya tani ya mwaka jana uyaweke kando ya tani zilizokatwa kweli. Yakizidi kila mwaka, si bahati mbaya.

Hata hivyo, kanuni hii ya thamani ya haki ninaitetea. Miwa ikiandikwa kwa gharama tu, meneja mwenye haraka ya mauzo anaweza kukata miwa michanga, mapato yakaonekana, na hasara ya uzito na sukari isionekane popote. Thamani ya haki inamuumbua: shamba limepungua, na pengo linasomeka. Kinachoharibu mambo ni bonasi inayopimwa kwa faida nzima, kwa kuwa humpa sababu ya kupandisha makisio. Ipimwe kwa fedha zilizoingia na tani kwa hekta.

Mashamba ya kukodi nayo yana mtego wake. Tangu 2019, IFRS 16, kiwango cha ukodishaji, inaweka mikataba ya zaidi ya miezi 12 kwenye mizania (orodha ya mali na madeni ya kampuni) kama deni, na baadhi ya mameneja hushawishika kufupisha mkataba uwe wa mwaka mmoja. Miwa ya kwanza huku magharibi huhitaji miezi 18 hivi au zaidi. Utakata nini kwenye shamba ulilokwisha kurudisha? Na kama ni wazi kwamba mkataba utaongezwa, mkaguzi atauhesabu muda huo pia. Ukithamini kampuni kwa faida kabla ya riba, kodi na uchakavu, kumbuka kutoa deni hilo la ukodishaji, maana pango la shamba halimo tena katika gharama ulizozihesabu.

Gawio likipendekezwa, uliza limetoka wapi. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya 2015 inaruhusu kugawa faida iliyokwisha kupatikana, na nyongeza ya thamani ya miwa isiyokatwa bado haijafika hapo.