Baiskeli ya mbio ya kuazima: uguse nini, uache nini?

SWALI: Fundi, salaam. Rafiki yangu kaenda masomoni, akaniachia baiskeli ya mbio aliyoileta kutoka Ubelgiji. Jumapili alfajiri niliitoa Kampala hadi Entebbe. Kaka, ile si baiskeli, ni upepo! Lakini kuanzia Kajjansi vidole viwili vya mwisho vilikufa ganzi, na kufika Kisubi magoti yakauma kwa mbele. Breki ya kushoto nayo nusura inirushe. Sasa hewa imepungua na pampu za mtaani hazishiki. Nifanyeje, na mali si yangu?

JIBU: Huo upepo naujua. Umezoea gaali, yaani baiskeli nyeusi ya chuma, ile ya kubebea matoke, karibu kilo 20 kabla ya mzigo. Ukipanda yenye kilo 8 au 9, unakanyaga mara moja tu, inakutangulia.

Kabla ya kushika spana, zungushia tepu ya umeme kwenye nguzo ya kiti, pale inapoingia kwenye fremu. Niliwahi kupandisha kiti cha mtu bila alama, na siku ya kurudisha tulishinda tukibahatisha urefu wake. Hakusema kitu, ila hakuniazima tena.

Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi ni kiti kukaa chini mno. Vaa viatu vyembamba, egemea ukuta, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: mguu uwe umenyooka bila kiuno kuinama upande. Ukipenda hesabu, pima kutoka kinenani hadi sakafuni, zidisha kwa 0.883. Mguu wa sentimita 80 unakupa kama 70.6, kutoka katikati ya ekseli kuu, ile inayozungushwa na mikono ya pedali, hadi juu ya kiti. Ila usiruke huko kwa siku moja. Pandisha milimita 5, endesha, kisha sikiliza goti. Na kama nguzo ni ya kaboni, usiikaze kwa hasira. Newtonmita 5 ndicho kipimo cha kawaida, lakini fuata namba iliyoandikwa kwenye kibanio chenyewe.

Hapo kuna mtego: kiti kikipanda, usukani unakuwa chini zaidi kwako, na mikono inabeba uzito zaidi. Ganzi yako inatokana na mshipa wa fahamu unaopita chini ya kiganja, upande wa kidole cha mwisho. Angalia pua ya kiti kwa programu ya pimamaji kwenye simu. Ikiinama mbele, unateleza na kujikinga kwa viganja. Kiweke sawa. Kunja viwiko, na hamisha mikono kila dakika chache: juu, kwenye mabega ya breki, chini.

Sasa tuje kwenye hewa. Valvu hiyo ni nyembamba, ya Presta: legeza kijiti cha juu, kibonyeze kidogo kitoe “tss”, ndipo upige. Kwa pampu ya mtaani tafuta kiunganishi kidogo cha shaba, kinakaa mfukoni. Tairi la milimita 25 na mtu wa kilo 70, anza na psi 85 hivi, usipite kikomo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Kwenye kompresa ya kituo cha petroli kuwa mwangalifu, tairi hilo hujaa kufumba na kufumbua.

Breki si mbovu. Baiskeli zinazofuata mtindo wa Uingereza, mkono wa kulia hushika gurudumu la mbele. Za Ulaya bara kwa kawaida ni kushoto. Uzito wote hukimbilia mbele unapofunga, ndiyo maana nusura uruke. Usinipe kazi ya kubadilisha waya: zimepita chini ya utepe wa usukani, na ni za mwenyewe. Nenda uwanja wa mpira jioni, sogeza makalio nyuma, bana kushoto taratibu mara thelathini mpaka mkono ukariri.

Magurudumu, gia na urefu wa usukani, viache. Akirudi mwenyewe, teremsha kiti hadi kwenye tepu, pangusa cheni, ndipo umpigie simu.