Fundi Anajibu: "Ya Mjerumani" yenye msalaba

SWALI: Shikamoo Babu Fundi. Uani kwa marehemu baba mkubwa, hapa Chumbageni, kuna pikipiki ya kijani iliyofunikwa turubai tangu nikiwa mdogo. Aliachiwa na mhandisi mmoja mzungu wa shamba la mkonge. Ina kibao cheusi chenye herufi M na kialama cha msalaba. Mtaa mzima unasema ni ya Mjerumani, ilibaki vita vya 1914. Dalali wa chuma chakavu ameshakuja mara mbili. Ni kweli ya vita? Tumuuzie?
Mjukuu wako, Tanga

JIBU: Marahaba, mjukuu. Tanga hii kila chuma kikuukuu husingiziwa Mjerumani. Mwaka 1914 Waingereza walishukia Ras Kasone, wakatimuliwa na askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na nyuki nao wakaongezea. Pikipiki yako haikuwepo.

Chuchumaa upande wa kulia wa injini, futa grisi kwa kitambaa chenye dizeli. Ukikuta bomba lililosimama wima kando ya silinda, toka chini hadi kichwani, hiyo ni Condor A350, na injini yake ni Ducati ya Italia. Ducati ilianza 1926 kule Bologna, tena kwa vipuri vya redio. Injini yao ya kwanza, ya kufunga kwenye baiskeli, ni ya 1946. Huyo Mjerumani wa 1914 angeipata wapi?

Condor wenyewe ni watu wa Courfaivre, milima ya Jura, Uswisi. Walianza na baiskeli, wakaja kuunda pikipiki za jeshi lao. A350 ni ya miaka ya 1970. Msalaba ni wa bendera ya Uswisi, na M ni ya jeshi. Nchi hiyo haikuingia vita kuu ya kwanza wala ya pili, kwa hiyo mashine yako ni askari ambaye hajasikia risasi ya adui.

Uhondo uko ndani ya lile bomba. Mna fito inayozungushwa na gia za pembe, nayo ndiyo inayoendesha kamshafti, ule mhimili unaofungua vali, kule juu. Hakuna cheni ya kulegea. Ila gia hizo hupangwa kwa washa, vile vipete vya chuma, nyembamba kama karatasi ya sigara. Niliwahi kuifungua injini ya namna hiyo, washa zikanidondoka mchangani pale Barabara ya 9. Nikaokota nilizoziona, nikafunga. Iliwaka, lakini ikalia kama cherehani ya fundi nguo usiku wa kuamkia Idi. Mwenye mali akanikata nusu ya ujira, na ilikuwa haki yake.

Basi wewe usipige kiki kwanza. Toa plagi, mimina kijiko cha oili kwenye silinda, iache siku mbili tatu. Kisha mwaga oili ya zamani. Ikitoka rangi ya chai ya maziwa, ujue maji yameingia, usiendelee.

Dalali anapima kwa kilo. Mwambie akatafute mabati. Kibao cha M usikibandue hata kama kimeota kutu, na ukija Ngamiani uje na picha ya lile bomba.