Fundi Anajibu: Chuma kipya kwenye nyumba ya zamani

SWALI: Asalam aleikum fundi. Tuna nyumba ya urithi Mji Mkongwe huku Unguja, ghorofa mbili, kuta za mawe na chokaa. Wezi wameingia kwa dirisha la chini kwa sababu nondo zake zingine zimeliwa na kutu. Fundi tuliyemwita anataka kung'oa zote aweke grili ya skwea paipu (bomba la chuma la mraba) yenye maua na mikuki, aichomeke ukutani kwa saruji. Mama hataki kabisa, anasema nyumba itaharibika. Mi nataka usalama ila sitaki kumuudhi. Tufanyeje?
Msomaji, Kiponda

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Mi niko upande wa mama, na si kwa heshima tu, hata kiufundi yuko sawa.

Ukuta wa mawe na chokaa unavuta unyevu kutoka chini na kuutoa taratibu, na unyevu wa kwetu pwani una chumvi. Sasa uchomeke chuma mle halafu uzibe na saruji, ule unyevu unakwama palepale kwenye chuma, kinaanza kuoza kwa ndani usikoona, na kutu inachukua nafasi zaidi ya mara mbili ya kile chuma kilichoilea, kwa hiyo inasukuma mpaka jiwe linapasuka. Pita vichochoroni uangalie kona za madirisha ya chini, mipasuko mingi utaikuta imeanzia pale chuma kilipoingia ukutani.

Halafu tazama dirisha lenu lenyewe. Nondo zimesimama wima, zimepita kwenye mbao za kulala zilizotobolewa, zimeshikwa na fremu ya mbao, ukuta haukuguswa. Aliyelitengeneza alijua anachofanya. Kwa hiyo zilizo nzima ziacheni, sugueni kwa brashi ya waya, pigeni praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga chuma. Zilizoliwa badilisheni moja moja kwa chuma cha duara kilichojaa cha unene uleule, kisiwe na uwazi ndani. Nondo ya ujenzi ile yenye mistari msiikubali, inaonekana ya kigeni hata ukiwa mbali, na skwea paipu inaozea ndani wakati rangi ya nje bado inang'aa.

Mkiona hazitoshi, ongezeni grili ya pili kwa ndani, ifungwe kwenye fremu kwa skrubu ili siku moja iweze kutoka bila kuacha jeraha. Hapa ndipo ubunifu ulipo: nondo mpya zikae nyuma ya zile za zamani, wima kwa wima, nafasi zilezile. Aliyeko njiani hataiona, mwizi ataiona. Iwe na bawaba na ufunguo ukae karibu kwa ndani, moto ukitokea watu watoke. Na kabla chuma hakijakatwa fundi akate kwanza mfano wa plaiwudi aujaribishe pale pale, maana dirisha la zamani ni nadra kuwa na kona za mraba, upana wa juu na wa chini unaweza kupishana na grili ikishachomelewa haipunguki.

Kuhusu maua na mikuki, hapana. Dirisha kama lenu uzuri wake ni ile mistari iliyonyooka na kivuli chake kwenye sakafu. Sisemi chuma kipya ni dhambi, Sultani Barghash mwenyewe alipojenga Beit al Ajaib, lile Jumba la Maajabu hapo Unguja, mwaka 1883 aliizungushia roshani kwenye nguzo za chuma, ila zile nguzo zilitengenezewa jengo lile na ukubwa wake.

Rangi: mkipata pa kuzamisha chuma kwenye zinki iliyoyeyushwa kwa moto, ili isishike kutu, zamisheni, lakini kukata, kutoboa na kuchomelea kote kuishe kabla. Na msipake rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya zinki itabanduka, tafuteni praima yake. Kibali pia, Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, pitieni Mamlaka ya Mji Mkongwe na mchoro mkononi kabla ya kumlipa fundi chochote.

SWALI: Roshani yetu ya Mji wa Kale Mombasa ina reli ya zamani fupi, inafika kiunoni tu, na tuna watoto wadogo. Tuitoe?
Mama wawili

JIBU: Usiitoe dada yangu. Iache ya zamani mahali pake, kwa ndani simamisha reli nyembamba ya kujitegemea, miguu yake ishike mihimili ya sakafu na isiegemee ile kongwe. Urefu kama mita 1.1, na nafasi kati ya fito isizidi sentimita 10 ili kichwa cha mtoto kisipite. Fito ziwe wima, za kulala mtoto anapanda kama ngazi. Ukitaka steinlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi, uliza daraja la 316, hiyo 304 ya bei nafuu kwa hewa ya bahari inatoa madoa ya kahawia. Mihimili ikaguliwe kwanza, na ofisi ya uhifadhi ya Mji wa Kale iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ione mchoro.

SWALI: Misumari ya shaba ya mlango wetu imekuwa myeusi na mingine imepotea. Naweza kupiga grinda, na kuweka ya chuma iliyopakwa rangi ya dhahabu?
Kijana wa Lamu

JIBU: Grinda weka mbali kabisa na mlango huo, itakula shaba na nakshi pamoja. Kata kadibodi yenye tundu la saizi ya kichwa cha msumari, livalishe ili mbao isichafuke, kisha sugua kwa kitambaa na dawa ya shaba. Iliyopotea ng'oa mmoja mzima kwa uangalifu, mpelekee mfua shaba achukue umbo lake kwenye mchanga akuyeyushie mingine. Ya chuma itatoa kutu mvua ya kwanza tu na michirizi itashuka juu ya nakshi, na madoa hayo kwenye mbao ni shida kutoa.