Usisubiri kimya ndipo uanze meditesheni

Mtu akija kwenye kikundi chetu cha meditesheni cha jioni kwa mara ya kwanza, lalamiko lake nalijua kabla hajafungua mdomo: nyumbani kwangu hakutuliki, kelele haziishi. Namwelewa. Ukiishi Mbagala au Manzese, kuna bodaboda, kuna spika ya duka la pembeni, kuna mtoto wa jirani. Anataka nimpe kimya, nami kimya sina. Ninachofundisha ni kukaa humo humo kwenye kelele ukijua kwamba unasikia.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ni hilo. Keti kwenye kiti cha plastiki, nyayo zote ziguse sakafu, fumba macho au tazama chini, sikiliza. Pikipiki inakuja, inapita, inaishia. Usiilaani, wala usiisindikize mpaka kona. Dakika tatu zinatosha. Najua video nyingi huanzia kwenye pumzi, lakini kuna watu, hasa wenye wasiwasi mwingi, ambao wakiambiwa waangalie pumzi ndipo kifua kinapowabana. Hao waanzie na sauti au nyayo, pumzi itakuja baadaye au isije kabisa.

Akili itaondoka. Itakwenda kwenye kodi ya nyumba, kwenye maneno ya shemeji, kwenye ada ya mwezi wa kwanza. Hapo ndipo wanafunzi wengi wanapokata tamaa: "Mwalimu, mimi hii siiwezi, akili yangu haitulii." Lakini ile nukta uliyogundua kwamba umeondoka ndiyo zoezi lenyewe. Mtoto anayetambaa akitoka mkekani humchapi. Unamwinua, unamrudisha, naye atatoka tena. Ukirudi mara thelathini ndani ya dakika tatu, umefanya kazi nzuri kuliko yule aliyeketi kama sanamu huku anapanga bajeti.

Swali la imani nalo huja, kwa kawaida pembeni na kwa sauti ya chini: hii si ibada ya watu wengine? Ukifundisha, usingoje kuulizwa. Sema wazi kwamba mizizi yake ni ya Kibuddha, na ya kale sana. Sema pia kwamba mwaka 1979 mwanasayansi Jon Kabat-Zinn aliianzisha hospitalini, katika chuo cha tiba cha Massachusetts, Marekani, bila ibada yoyote, kwa wagonjwa wakiwemo wenye maumivu sugu ambao dawa zilikuwa zimewasaidia kidogo tu. Kwetu yuko anayekaa dakika zake baada ya swala ya alfajiri na yuko anayekaa kabla ya kwenda jumuiya. Asiyeridhika aache, na asibembelezwe.

Mpango wake Kabat-Zinn ni wa wiki 8, na mazoezi ya nyumbani ni kama dakika 45 kwa siku. Mama anayewahi daladala saa kumi na moja alfajiri dakika hizo atazitoa wapi? Mimi humwambia achague kazi moja aliyonayo tayari. Kuchambua mchele ni nzuri mno: macho kwenye sinia, vidole kwenye punje, simu chumba kingine. Kwenye ule mpango kuna zoezi maarufu la kula zabibu kavu moja taratibu kana kwamba hujawahi kuiona. Sisi hutumia karanga, na watu hucheka kwanza. Wacheke.

Jambo moja sifanyi nalo mzaha. Aliyepitia ukatili, ajali au msiba mzito anaweza kufumba macho akakutana na yale yale. Mwache afumbue, asimame, atoke nje. Na anayetumia dawa za sonona asiziache kwa sababu ya mazoezi haya. Kama hali inazidi, aende kwa mtaalamu wa afya ya akili. Mwalimu wa meditesheni si daktari.

Kwa wanaotaka kufundisha: tumia sauti yako ya kila siku, ile ya kunong'ona kama mtangazaji wa usiku inachekesha. Baada ya zoezi uliza "umeona nini?" na asiyetaka kusema apite. Mtu akisinzia mkiwa mmelala chali mnapitia mwili kwa akili, sehemu moja moja, kuanzia vidole vya miguu, usimwaibishe. Huenda ana deni la usingizi. Safari nyingine mpe kiti, afanye macho yakiwa wazi.